Mpiga muziki akiwa tajiri wa wenzake

Ni vigumu kumpinga mtu anayesema mwanamuziki amiliki lebo yake, yaani kampuni ya kutoa santuri. Katika jazi ya Marekani, wapigaji wengi walilipwa ujira wa siku ya kurekodi, kisha mauzo ya miaka yote yakabaki kwa kampuni. Ila mambo hayakunyooka hivyo.

Mwaka 1952 mpiga besi Charles Mingus, mkewe Celia na mpiga dramu Max Roach walianzisha lebo ya Debut jijini New York. Santuri yao maarufu ilitokana na onyesho la Massey Hall, Toronto, Mei 15, 1953, Mingus na Roach wakiwa jukwaani pamoja na mpiga saksafoni Charlie Parker, mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie na mpiga piano Bud Powell. Parker alifungwa na mkataba kwingine, hivyo kwenye jalada akaitwa “Charlie Chan”. Besi nayo ilisikika kwa mbali, Mingus akairekodi upya juu ya mkanda uleule. Mwenye kampuni ana raha zake!

Lakini kurekodi ndiyo kazi nyepesi. Kiwanda hutaka fedha kabla santuri haijauzwa, na msambazaji hulipa anapojisikia. Kampuni kubwa inaweza kumtishia kumnyima toleo linalosubiriwa. Lebo changa haina cha kumbana nacho. Debut ilikoma mwaka 1957, na rekodi zake zikaishia mikononi mwa Fantasy ya California. Watetezi wa lebo hizi hupenda kuliruka jambo moja: mpiga tarumbeta Thad Jones na mpiga piano Paul Bley nao walirekodi Debut, na kazi zao ziliuzwa pamoja na zile za Mingus. Wao walikuwa wamebadilisha tajiri tu.

Strata-East, iliyoanzishwa New York mwaka 1971 na mpiga tarumbeta Charles Tolliver na mpiga piano Stanley Cowell, naona ilifikiri vizuri zaidi. Msanii alileta kanda iliyokamilika, nayo ikabaki mali yake; lebo ilishughulikia kuitoa na kuisambaza. Mwimbaji Gil Scott-Heron na mpiga piano Brian Jackson walitoa hapo santuri ya Winter in America mwaka 1974, kisha wakahamia Arista, kampuni yenye misuli ya kuwafikisha mbali. Kuhama kwao hakukuwalazimu kuiacha kanda nyuma.

Utaratibu huo, hata hivyo, ulimfaa aliyekwisha pata fedha za studio. Blue Note, lebo ya zamani zaidi iliyokuwa ya Alfred Lion ambaye hakuwa mwanamuziki, iliwalipa wapigaji hata kwa mazoezi. Kijana asiye na akiba enzi hizo angeenda huko, mkanda ubaki kwa Lion.