Masharubu ya Mzee wa Hombolo

Mama mmoja wa Hombolo alitaka lebo ya juisi ya zabibu: sura ya baba yake na kichala cha zabibu, vyote pamoja. Akaniletea michoro miwili, wino mweusi kwenye karatasi nyeupe. Stesheneri yetu iko Majengo hapa Dodoma, na foleni ya wanaotoa kopi vitambulisho ilikuwa imefika barabarani, nani akae kuchora? Nikaandika mistari michache ya Python, lugha ya kuiamuru kompyuta, nikaipa OpenCV, programu ya kuchakata picha, picha zote mbili, nikaamuru: AU.

Si ndivyo angesema mtu yeyote mwenye akili? Penye mzee au penye zabibu, weka. Boda anapiga honi nje, nikaprinti stika zote bila kuzitazama.

Kumbe kwa kompyuta wino si kitu. Kila nukta ya picha, yaani pikseli, ni namba ya biti nane, tarakimu za 0 na 1: nyeupe ndiyo 255, biti zote nane zimewaka; nyeusi ni 0. Kwenye AU, pikseli ya upande mmoja ikiwa nyeupe tu, jibu ni jeupe. Karatasi ya zabibu ikamla mzee, karatasi ya mzee ikazila zabibu. Kilichobaki ni pale wino ulipokutana na wino: masharubu, tena yana umbo la punje.

Kesho yake mzee akaja mwenyewe.

"Mbukwenyi!" Akaweka chupa kaunta. "Mjukuu wangu, kichwa changu kiko wapi?"

"Shikamoo babu. Kimo, ila kimezidiwa na weupe."

Nikabadili, nikaweka NA, ambayo huacha nyeupe pale tu pande zote mbili ni nyeupe. Vyote vikatokea, ila kichala kimemkaa usoni, pua yote punje tupu. Dada wa kaunta (hajaulizwa) akasema jaribu XOR. Hiyo hutoa nyeusi panapofanana, na karatasi mbili nyeupe zinafanana kuliko mapacha. Stika ikatoka giza totoro, mzee kachorwa kwa mistari myeupe, na wino wa printa ukaishia hapo.

"Hapa nimeshakufa?" akauliza.

Akachukua zile za masharubu. Sokoni watu wakaanza kuomba "juisi ya masharubu", mama akarudi kuagiza nyingine.

Juzi mzee kaja kanyoa, mdomo wa juu unang'aa, na mchoro mpya mkononi. Anataka lebo ifanane naye. Nikaendesha AU ileile mbele yake. Ikatoka stika nyeupe.

Akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele.

"Basi bei ipungue. Wino hamjatumia."