Mtori wa Sinza na tambi za Horombo

Asubuhi ya Jumamosi hapa Dar es Salaam mtori, supu ya Wachagga ya ndizi za kupondwa na nyama, hautafutwi. Sinza, Kimara, Tabata, Mbezi, penye baa na mchoma nyama sufuria la mtori huwa limeshaiva mapema, na wanywaji wake wengi ni watu ambao Marangu hawajawahi kuikanyaga. Sasa panda mlima wenyewe, Kilimanjaro. Kwenye kumbi za chakula za Mandara na Horombo, vituo vya kulala vya njia ya Marangu, juu kidogo tu ya migomba ya Wachagga, mgeni huandaliwa zaidi tambi, viazi vya kukaanga, supu ya boga, mkate na jemu, na jioni chai kwa bisi. Mtori hupita siku moja, mpishi akipenda, basi.

Makundi ya Dar yanayojiandaa kupanda kwa ajili ya 9 Desemba, sikukuu ya Uhuru, huwa na ubishi unaojirudia. Vibanda vya njia ya Marangu vikikarabatiwa, ukarabati uishie kwenye paa, magodoro na vyoo, au uingie hadi jikoni, ili anayelala chini ya paa hilo ale chakula cha watu wa pale? Wanaopinga husema mlimani watu hula ili wafike kileleni, na kwamba wanaotaka mtori wanaleta hamu ya nyumbani mahali pasipohusika. Hoja yao ina uzito na nitaanza nayo, ingawa naona upande wa pili umesikilizwa nusu tu.

Nzito kuliko zote ni hoja ya maji. Hapa pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100. Kadiri unavyopanda, kiwango hicho hushuka kwa takribani nyuzi moja kila mita 300. Mandara, mita 2,720, maji huchemka karibu na nyuzi 91. Horombo, mita 3,720, ni kama 88. Kibo, kituo cha mwisho, mita 4,720, ni 84 hivi. Sufuria litatokota kwa kishindo na maharage yatabaki magumu, kwa sababu maji yakishafika kiwango chake cha kuchemka hayaongezi joto hata ukizidisha moto. Unachomaliza ni gesi. Makande yanayoiva Kigamboni kwa saa mbili, Horombo yanaweza kuwakuta wageni wameshalala. Kuni haziruhusiwi hifadhini, kwa hiyo kila mtungi wa gesi umepanda mgongoni mwa mtu, na mzigo wa mpagazi una ukomo wa kilo 20. Hapo ndizi nazo zinajiponza. Mshare, ndizi za mtori, hubebwa na ganda lake, na ganda ni theluthi ya uzito au zaidi, wakati kilo moja ya tambi kavu ni kilo moja ya chakula.

Nimezitafakari sana namba hizi, kwa sababu hutajwa kana kwamba zinafuta kila kilichomo kwenye chungu cha Mchagga. Ukizikagua vizuri, zinafuta maharage. Unga wa mahindi huiva hata kwenye joto la chini ya nyuzi 80, ndiyo maana wapagazi husonga ugali Horombo kila siku na wanashiba. Kwenye mtori kinachokula muda ni nyama, nayo hata nyumbani huchemshwa kwanza peke yake. Inaweza kuchemshwa kijijini Marangu ikapanda ikiwa tayari. Ndizi zilizomenywa zitachelewa kulainika Horombo, lakini zitalainika, na zikishalainika ni za kupondwa kwa mwiko. Sufuria ya presha inamaliza sehemu kubwa ya tatizo lililobaki, maana ndani yake joto hupanda tena kupita lile la maji yanayotokota wazi. Tena tambi nazo huchemshwa kwenye maji hayohayo ya nyuzi 88: zinachelewa, zinanata nje wakati kiini hakijaiva, na sijasikia mtu akitaka ziondolewe kwa sababu hiyo. Kipimo kinachotumika kukikataa chakula cha kwetu kingetumika kwa haki, tambi zingekuwa za kwanza kuondoka.

Mwili nao una la kusema. Ukipita mita 3,000 hamu ya kula hupungua, na ushauri wa kawaida kwa wapandaji ni wanga kwa wingi, mafuta kidogo, na vya kunywa mara kwa mara. Nikiusoma ushauri huo naona bakuli la mtori: wanga wa ndizi, chumvi, maji mengi, laini kiasi kwamba mtu aliyechoka hahitaji kutafuna. Tayari asubuhi wageni wengi hupewa uji, na uji haujamshinda mtu. Lakini nakubali jambo moja bila kinyongo. Mwenye kichefuchefu hutaka kile ambacho tumbo lake linakijua tangu utotoni, na harufu ngeni inaweza kumfunga mdomo siku ambayo kila kijiko kina maana. Ngararimo yenye magadi, kisusio chenye damu ya mbuzi, kiburu cha maharage kinachojaza tumbo gesi: hivyo si vya kumwekea mtu wa Oslo usiku wake wa tatu mlimani. Mbege, pombe ya ndizi, nayo ibaki chini, ainywe akisharudi. Anayetetea chakula cha asili akitaka vyote vipande kwa pamoja anajiharibia kesi.

Wakati mwingine huambiwa kwamba mgeni hawezi kulipia chakula cha kimaskini. Hili linaniuma, na jibu lake liko Ulaya. Kwenye vibanda vya Alps upande wa Italia, mpandaji huketi mezani akaletewa polenta na nyama iliyochemshwa taratibu au jibini, akalipa vizuri na akasimulia kwao. Polenta ni unga wa mahindi uliosongwa kwenye maji moto. Kilikuwa chakula cha wakulima maskini wa Italia ya Kaskazini kwa karne kadhaa, na kule hakuna aliyekiondoa mezani ili mgeni ajisikie yuko kwao. Tofauti iliyopo ni ya kiutendaji na lazima isemwe: kibanda cha kule kina mwenyewe, kina jiko lake, na vingi huletewa vyakula kwa helikopta au kwa nyaya za mizigo.

Vya kwetu havikupangwa hivyo. Vile vya mbao vyenye paa la pembetatu, vilivyojengwa kwa msaada wa Norway miaka ya 1970, ni mahali pa kulala na kukaa. Mgeni hulala kwenye kitanda cha hifadhi, lakini chakula, mpishi, jiko na gesi ni vya kampuni iliyomleta. Usiku wenye wageni wengi Horombo, majiko madogo huwaka kwa wingi, kila kundi likipika chakula chake, chakula kinachofanana. Oktoba 2020 moto ulioanzia Whona, kati ya Mandara na Horombo, uliunguza kilomita za mraba zipatazo 95 za hifadhi, na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ilieleza mapema kuwa ulionekana kuanza wapagazi walipokuwa wakipasha chakula cha wageni. Tukio hilo hutumiwa kuwaonya wanaotaka mapishi zaidi mlimani. Mimi naliona upande wa pili: jiko moja la kudumu, lenye sufuria za presha na msimamizi anayejulikana, ni salama kuliko majiko kumi na tano yanayohamahama.

Hapa ndipo wanaopinga wana neno ambalo sina jibu kamili. Jiko la pamoja linapunguza mizigo, na mizigo ni ajira. Kama mitungi na mikungu ya ndizi itapandishwa kwa gari kupitia njia ya Kilema, ambayo magari ya uokoaji huitumia kufika Horombo, kuna vijana wa Marangu na Rombo watakaobaki getini asubuhi bila mzigo. Wapishi wa kampuni, ambao wengine wamejifunza kazi hiyo kwa kuanzia upagazi, watauliza watakwenda wapi. Mpango wowote unaotaja utamaduni bila kuwataja hawa sitauunga mkono. Walau wapishi wa jiko hilo watoke miongoni mwao, kwa mikataba ya mshahara badala ya malipo ya safari moja moja, na ndizi ziendelee kubebwa na wapagazi, zikiwa zimemenywa na kuwekwa kwenye maji ya ndimu ili zisiwe nyeusi, bila ganda la kumtoa mtu jasho bure.

Aliyeko chini zaidi ni mwenye kihamba. Mfumo wa kihamba, migomba na kahawa chini ya miti mikubwa, unathaminiwa kiasi kwamba mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliutambua ule wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Magari ya wageni hupita katikati ya migomba hiyo kwenda getini yakiwa na maboksi ya tambi. Mama anayeuza mshare Marangu Mtoni anayaona yakipita. Kwangu hili lina uzito kuliko ladha yenyewe, kwa sababu mgomba usioingiza kitu ni mgomba ambao mtoto wa nyumba hiyo ataukata akajenga vyumba vya kupangisha.

Pa kuanzia ni Mandara. Ni mwendo wa saa chache kutoka getini, tumbo la mgeni bado halijachafuka, na nyuzi 91 zinatosha kabisa kwa ndizi. Usiku wa kwanza apewe mtori, ugali na mchicha kwa anayetaka, na tambi ziwepo kwa asiyetaka. Horombo ifuate sufuria za presha zikishafika na mikataba ya wapishi ikishasainiwa. Kibo iachiwe chai, uji na supu nyepesi, kwa kuwa pale hata maji ya kupikia hubebwa kutoka chini.