Tiba ya farasi Dar: nani atamlisha, nani atakaa na mgonjwa?

Wakazi wengi wa Dar es Salaam wanamjua farasi wa polisi tu, yule anayesukuma umati nje ya Uwanja wa Benjamin Mkapa siku Simba na Yanga zinapokutana. Mwambie mkazi huyo kwamba Marekani na Ulaya watu wenye kiwewe au sonona hupelekwa kwa farasi wapate nafuu, atacheka. Acheke, ila asikilize.

Mara nyingi hakuna kupanda. Katika utaratibu wa EAGALA, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1999, mteja hubaki chini: anamwongoza farasi kwa kamba, au anajaribu kumsogeza bila kumgusa. Pembeni wapo mtaalamu wa afya ya akili na mtu anayewajua farasi. Farasi ni mnyama wa kuwindwa, kwa hiyo uhai wake umetegemea kumsoma kila anayemkaribia. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, waliwaonyesha farasi 28 picha za nyuso za watu. Mbele ya uso wenye hasira mapigo ya moyo yao yalipanda upesi zaidi kuliko mbele ya uso wenye tabasamu. Mteja akija na hasira aliyoificha, farasi anasita au anajitenga, na mshauri anapata pa kuanzia. Mwanaume aliyelelewa akiambiwa kulia ni aibu atakwepa swali kuhusu nafsi yake, lakini ukimuuliza kwa nini farasi amemkimbia, atajibu. Hapo ndipo ninapoiona nguvu ya tiba hii.

Ushahidi wake, hata hivyo, ni mwembamba. Mapitio ya tafiti 14 yaliyochapishwa mwaka 2014 yalihitimisha kwamba hazikutosha kuhalalisha tiba hiyo kutangazwa kwa wagonjwa wa akili. Baadaye Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kiliwafuatilia wanajeshi wastaafu 63 wenye kiwewe kwa wiki 8, na matokeo yakatoka mwaka 2021. Wengi walipata nafuu, ila hapakuwa na kundi la kulinganisha. Ni farasi aliyewasaidia, au kukaa na wenzao waliopitia yaleyale?

Halafu kuna gharama. Farasi hula kila siku, awe na mteja au asiwe naye, na anahitaji daktari wa mifugo na banda lenye hewa. Kuna pia ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na visubi, ambao huua wengi wasiochanjwa. Pembeni ya hesabu hiyo weka Benchi la Urafiki, lililoanzishwa na daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda huko Zimbabwe mwaka 2006: mabibi wa mtaani wanafundishwa kusikiliza na kumsaidia mtu kutatua tatizo moja baada ya jingine, wakiwa wamekaa kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016, huo ukiwa na kundi la kulinganisha, ulionyesha kwamba dalili za sonona zilipungua. Mama lishe wa Mbagala asiyepata usingizi tangu afiwe anahitaji benchi karibu na nyumbani, afike kwa nauli ya daladala. Shilingi ya umma, kwa maoni yangu, iende huko kwanza.

Ningeacha mlango mmoja wazi. Kikosi cha Mbwa na Farasi cha polisi kina wanyama ambao tayari wanalishwa, na askari ni watu wanaoona maiti za ajali na kurudi kazini kesho yake. Kundi moja lipate ushauri nasaha pamoja na farasi, jingine ushauri peke yake, tuone tofauti. Lakini hata hapo kuna kikwazo: farasi wa polisi amefundishwa kuvumilia vuvuzela na rabsha bila kushtuka, kwa hiyo huenda asimjibu mtu mwenye hasira ya kimyakimya. Na askari atafunguka kweli mbele ya mtunza farasi mwenye cheo kumzidi? Labda mtunza farasi huyo atoke nje ya jeshi.

Kwa atakayeona tangazo la "tiba ya farasi" mtandaoni, swali la kwanza lisiwe bei. Aulize mshauri ni nani na amesomea wapi. Akijibiwa kwamba farasi mwenyewe ndiye mshauri, abaki na hela yake.