Ngome Kongwe ya Unguja: tatizo ni ngoma au saruji?

Kila msimu wa matamasha ubishi hurudi: Ngome Kongwe ya Forodhani, iliyojengwa na Waomani baada ya kuwaondoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, inastahili kuwa jukwaa la muziki na soko la vinyago?

Wanaopinga hawasemi ovyo. Kuta zile ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, hazina nondo ndani. Ukipigilia misumari ya taa au kuegemeza fremu ya spika, lipu hupasuka, na masika hayasubiri mwaliko. Maji ya vyoo na ya mama lishe yakimwagwa chini ya ukuta hupanda ndani ya jiwe, yakibeba chumvi.

Wanaounga mkono nao wana historia upande wao. Kiwanjani hapo palikuwa na kanisa la Wareno; karne ya 19 ngome ikawa jela, baadaye bohari ya ujenzi wa reli, na mwishoni mwa miaka ya 1940 wanawake wakaja kucheza tenisi. Neno gereza lenyewe huhusishwa na igreja, kanisa kwa Kireno! Ukumbi wa wazi ulijengwa miaka ya 1990, na tamasha la filamu la ZIFF na lile la muziki la Sauti za Busara, lililoanza 2004, yakaupa jina duniani. Jengo lisilo na watu hakuna anayeona nyufa zake.

Kwetu sisi, ngoma inalaumiwa kupita kiasi. Adui mkubwa ni fundi anayeziba ufa kwa saruji. Saruji haipumui: unyevu hunaswa nyuma yake, chumvi huganda, na baada ya misimu michache lipu hubanduka na ngozi ya jiwe. Dawa ni chokaa iliyolowekwa shimoni angalau miezi mitatu, kipimo kimoja kwa vitatu vya mchanga usio wa pwani, ipakwe tabaka jembamba jembamba na kufunikwa magunia mabichi ili isikauke haraka. Kazi hiyo ni ya polepole na ina gharama, ndiyo maana hurukwa. Na hatari ya majengo haya si ya kufikirika: Beit al Ajaib (Jumba la Maajabu), jirani ya ngome, iliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katikati ya ukarabati.

Basi mkataba wa kukodi uwanja uanze na masharti mawili: nguzo zote za taa zisimame zenyewe kwa mifuko ya mchanga, mbali na ukuta, na sehemu ya kodi itengwe kununua chokaa kabla ya masika.