Do Iliyohama

Nafundisha muziki sekondari, na kwa miaka mingi nilikuwa na ugonjwa mmoja: kujisifia sikio. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba aliyekomaa kimuziki husikia nota akaitaja kwa jina, kama mama anavyomjua mwanawe kwa kikohozi. Nawapa mgongo, wao wanabonyeza kitufe chochote cha kinanda, mimi nataja. Mara nyingi nilipatia. Nilipokosea, nilisema kinanda kimezeeka. Ni kinanda cha umeme, hakizeeki kwa namna hiyo, lakini hilo hawakulijua.

Kwa kiburi hicho hicho niliustaafisha uma wangu. Wanakwaya wanaufahamu: chuma chenye meno mawili, unakigonga gotini, unakiweka sikioni, kinakupa A, mitikisiko 440 kwa sekunde. Aliyekibuni mwaka 1711 alikuwa mpiga tarumbeta wa Uingereza, John Shore, na hadi leo walimu wa kwaya wasio na makuu wanatembea nacho mfukoni. Wimbo ukiwa na do kwenye F, hiyo A ndiyo mi. Unashuka kimoyomoyo mi, re, do, unawapa watu sauti, mnaanza. Sasa mimi siku ya kwanza nilipoutoa darasani, binti mmoja wa kidato cha pili akauliza, "Mwalimu, na kisu chake kiko wapi?" Darasa likalipuka. Uma ukarudi kwenye droo, haukutoka tena.

Nikabaki na kinanda. Na kinanda cha umeme kina kitufe cha kuhamishia ufunguo, ambacho mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, niliwafundisha watoto. Ukikibonyeza upande wa kujumlisha mara moja, kinanda kizima kinapanda nusu toni, yaani hatua moja hadi kitufe cha jirani, kiwe cheupe au cheusi. Vidole vinabaki palepale kwenye C, vitufe vyeupe vitupu, lakini sauti inatokea kwingine. Kwa mpigaji mvivu huo ni ukombozi. Niliwaambia, "Hii ni siri ya wakubwa." Kumbe najipalia makaa.

Wiki hiyo hiyo niliwapa kidato cha kwanza jaribio. Swali la tatu: kutoka do hadi fa kuna nusu toni ngapi? Kijana mmoja, ambaye kinanda ukimwachia hatakurudishia, akaandika nne. Alikuwa amehesabu majina: do, re, mi, fa. Nikampa sifuri nene ya wino mwekundu, na pembeni nikaandika: "Hesabu kwa vitufe, si kwa vidole."

Siku yenyewe ilikuwa ya wazazi. Kwaya yangu ilikuwa na sauti nne, ingawa kwa vijana wa umri ule nne ni hesabu ya karatasini tu. Koo za wavulana zinakua, nyuzi za sauti zinarefuka, na mtoto aliyelala akiwa sauti ya kwanza anaamka akisalimia kama babu yake. Nilikuwa na mmoja wa namna hiyo sauti ya tatu. Wenzake walimfananisha na lifti: hujui itafunguka ghorofa ya ngapi. Mazoezini akifika nota ya juu, sauti ilikuwa ikikatika vipande viwili, kimoja kinakwenda juu kwa wasichana, kingine kinashuka kwa besi, na yeye mwenyewe anabaki katikati ameduwaa. Nilimwambia, ukifika pale, fungua mdomo tu, usitoe kitu. Ushauri wa kitaalamu huo.

Wimbo wetu ulikuwa do kwenye F. Ubeti unaanzia chini, so ya chini, kwa upole. Kisha kiitikio kinapanda mpaka do ya juu, na sauti ya kwanza wanaishikilia pale mapigo manne. Kwa F inafikika kwa jasho. Tulifanya mazoezi majuma sita kwa ajili ya mapigo manne hayo.

Nikakaa kwenye kinanda, nikawapa do, mi, so, do. Kuna kitu kikanikuna sikioni. Niliona pia sauti ya kwanza wakitazamana. Lakini mtu mwenye sikio lake hakosi maelezo: nikajiambia ukumbi umejaa, miili inameza sauti, mambo yanabadilika. Nikatikisa kichwa, tukaanza.

Ubeti ulikuwa mtamu! Besi, ambao tangu tuanze walikuwa wakilalamika kwamba nawaimbisha kisimani, siku hiyo waliimba kwa raha wakitabasamu. Nikajisemea, leo wana moto. Hapo ndipo macho yangu yaliposhuka kwenye kioo kidogo cha kinanda nikaona alama ya kujumlisha na tarakimu ya tano.

Nusu toni tano. Do yangu haikuwa F tena, ilikuwa B bapa, yaani B iliyoshushwa nusu toni. Nilikuja kupiga hesabu usiku, kwa kuwa usingizi ulikataa: do ya juu niliyowazoesha ina mitikisiko takriban 698 kwa sekunde, na niliyowatengea siku ile ilikuwa 932. Kuna waimbaji wa opera wanaolipwa kwa kuigusa nota hiyo. Mimi nilikuwa na wasichana kumi na moja wa kidato cha pili, wawili wana mafua.

Kiitikio kilikuwa mistari miwili mbele. Mtu mwenye akili angesimamisha wimbo, akaomba radhi, akaanza upya. Mimi nikaona nitairudisha do kimyakimya, nusu toni moja moja, kwa mkono wa kushoto, wakati wa kulia unaendelea kupiga. Nikabonyeza upande wa kutoa: mara moja, mara mbili, mara tatu. Mara ya nne kidole kikateleza kwenda kwa jirani yake, kitufe cha midundo.

Ngoma zikaanza. Ilikuwa samba, na kwa kasi ambayo haikuhusiana na yeyote mle ndani.

Sauti ya kwanza ni watoto watiifu, wakanifuata mimi kule chini. Sauti ya pili wakabaki B bapa, maana niliwafundisha wasiyumbishwe na mtu. Besi waliacha mambo ya do wakafuata ngoma, na wawili nyuma wakaanza kuyumba mabega. Wazazi wakadhani ndivyo tulivyopanga, wakapiga makofi, nayo makofi yakawa mwendo wa tatu. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa ukitafuta kitufe cha kuzimia kama mtu anayetafuta miwani gizani, na kila nilichokigusa kiliongeza ala nyingine. Kwa muda tulikuwa na filimbi.

Tukafika do ya juu. Wasichana wakafumba macho, wakaruka, wachache wakafika na wengi wakatua popote. Yule kijana wa lifti, maskini, akasahau agizo langu, akaitoa. Sauti haikukatika safari hii. Ilishuka oktava nzima kwa mkupuo, ikatua chini, nzito, imenyooka, akaishikilia mapigo manne yake. Wenzake wakaijia mmoja mmoja kama watu wa mafuriko wanaopanda mti. Nikang'oa waya wa kinanda ukutani. Ubeti wa pili waliuimba wenyewe bila ala, kwenye do aliyoishika yeye, na sijui ilikuwa do gani, sikuthubutu kuitaja.

Tangu siku ile anaimba besi. Hakuna aliyempangia.

Watu walipotawanyika, nilikuwa bado nakunja waya ule uliokwisha kukunjwa. Akaja yule wa kidato cha kwanza, amesimama kwa adabu, mikono nyuma.

"Mwalimu, shikamoo. Samahani. Asubuhi ulipokwenda kupokea wageni niliwapigia wenzangu kinanda, tukafanya mazoezi ya huu wimbo. Walitaka F, na mimi najua C peke yake. Nikatumia ile siri ya wakubwa."

"Ukaongeza tano."

"Nilihesabu kwa vitufe, Mwalimu, kama ulivyoandika. Si nne, ni tano."

Karatasi ya jaribio alikuwa nayo mfukoni. Aliikunjua juu ya kinanda, akailaza vizuri pale penye sifuri, kisha akaniazima kalamu.