Haakon wa Saba na Jibu la Nybergsund

Mimi si mtu wa kushabikia wafalme. Kiti cha kurithiana kama shamba la minazi sijapata kukielewa, na nikisoma historia za nasaba za Ulaya huruka kurasa za harusi na mavazi. Hata hivyo yupo mmoja ambaye namheshimu kwa dhati, Haakon wa Saba wa Norwei, kwa sababu alijua mamlaka yake yanaishia wapi, na alipofika hapo hakusukumika.

Hakuzaliwa Norwei. Alizaliwa Denmark mwaka 1872, akiitwa Carl, mtoto wa pili ambaye hakutarajiwa kurithi kiti, akawa afisa wa jeshi la majini. Norwei ilipojitenga na Uswidi tarehe 7 Juni 1905 na baadaye ikamtaka awe mfalme, yeye alishikilia kwamba wananchi waulizwe kwanza, kwa kuwa alifahamu kuwa wapo waliotaka jamhuri. Kura ya maoni ya Novemba mwaka huo ilimpa 259,563 dhidi ya 69,264. Kwa maoni yangu, sharti hilo ndilo lililomjenga kuliko taji alilovikwa Trondheim mwaka uliofuata. Mgeni aliyepiga hodi na kungoja kuitikiwa hakai ndani ya nyumba kama aliyejiingilia.

Alfajiri ya tarehe 9 Aprili 1940 Wajerumani walivamia. Ngome ya Oscarsborg iliizamisha manowari Blücher katika mlangobahari wa kuelekea Oslo, na saa zilizookolewa hapo zilimwezesha mfalme, mawaziri na wabunge kutoroka kwa treni hadi Hamar, kisha Elverum. Jioni hiyo Vidkun Quisling, ambaye chama chake hakikuwa na hata kiti kimoja bungeni, alijitangaza redioni kuwa waziri mkuu. Kesho yake balozi wa Ujerumani, Curt Bräuer, alimfuata mfalme Elverum na kumtaka amteue Quisling kama matakwa ya Hitler yalivyokuwa.

Haakon alijibu kwamba hawezi kusema lolote kabla ya kushauriana na serikali yake, akaenda kukutana na mawaziri katika kijiji cha Nybergsund. Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Hakuwaamuru wakatae, wala hakujifanya mkuu wa vita. Aliwaeleza kuwa uamuzi ni wao, na kwamba hatawalaumu wakikubali ili kuwaepusha watu na maafa. Lakini yeye binafsi hawezi kumteua mtu asiyeaminiwa na wananchi wala bunge, kwa hiyo wakikubali, atajiuzulu pamoja na ukoo wake. Mawaziri wakakataa matakwa ya Wajerumani.

Msomaji mkali atasema hilo nalo lilikuwa shinikizo, kwa maana ni waziri gani angethubutu kukubali baada ya kusikia maneno hayo? Nakiri lilikuwa shinikizo. Ila alichokitoa rehani kilikuwa kiti chake mwenyewe, wala si roho ya mtu mwingine wala kifungu cha katiba. Siku ya pili ndege za Kijerumani zilikishambulia kijiji hicho kwa mabomu, na mfalme wa miaka 67 akajificha msituni kwenye theluji.

Tarehe 7 Juni 1940 aliondoka Tromsø kwa meli ya kivita ya Uingereza, Devonshire. Mwezi huohuo viongozi wa bunge waliobaki Oslo, chini ya mtutu wa bunduki, walimwandikia wakimtaka aachie kiti. Alikataa, akieleza kuwa ombi lile halikutoka kwa watu walio huru, na jibu lake likasomwa kwenye redio ya BBC mwezi Julai. Alama ya H na 7 ikawa inachorwa kwenye kuta na hata kwenye theluji nchini mwake.

Kumpima vizuri, mtazame Leopold wa Tatu wa Ubelgiji. Yeye alisalimu amri tarehe 28 Mei 1940 akabaki chini ya Wajerumani, kinyume cha ushauri wa mawaziri wake, ambao waliendelea na vita kutoka London wakitegemea shaba na madini mengine ya Kongo, yaani jasho la wachimbaji wa Katanga ambao hakuna aliyewauliza kama wanaitaka vita hiyo. Kura ya maoni ya mwaka 1950 ilimpa Leopold karibu asilimia 58, lakini nchi ilikuwa imegawanyika mno. Mwaka 1951 akamwachia kiti mwanawe Baudouin, yuleyule aliyehutubia Léopoldville (Kinshasa ya leo) tarehe 30 Juni 1960, siku Kongo ilipopata uhuru.

Haakon hakuhitaji kura ya pili. Alishuka bandarini Oslo tarehe 7 Juni 1945, miaka mitano kamili tangu aondoke Tromsø na miaka 40 tangu siku Norwei ilipojitenga na Uswidi.