Lugha ya Kigeni ya Darasani: Nini Hubaki Baada ya Mtihani?

Wanaotaka lugha za kigeni zipunguzwe shuleni wana hoja nzito, na watetezi wengi wa masomo hayo huikwepa. Mwanafunzi husoma lugha miaka minne, akafaulu mtihani, na bado hawezi kuendesha mazungumzo ya dakika tano na mwenye lugha. Je, muda huo haukupotea?

Tuanze na hesabu. Foreign Service Institute, taasisi inayowaandaa wanadiplomasia wa Marekani, hukadiria kuwa mzungumzaji wa Kiingereza anahitaji saa 600 hadi 750 za darasani ili amudu Kifaransa au Kihispania kwa kiwango cha kikazi. Kwa Kiarabu, Kichina au Kijapani, makadirio hufika saa 2,200. Hao ni watu wazima ambao kusoma ndiyo kazi yao ya kutwa, tena katika madarasa madogo. Sasa chukua shule yenye vipindi vitatu vya dakika 40 kwa wiki, kwa wiki 36 za mwaka. Ni saa 72. Kwa miaka minne zinakuwa saa 288, kabla hujatoa siku za mitihani na siku ambazo mwalimu anaumwa. Kama shabaha ni ufasaha, basi wapinzani wameshinda, na sioni haja ya kubishana nao.

Lakini swali la kilichobaki ni tofauti na swali la ufasaha, na limewahi kuchunguzwa. Mwaka 1984 mwanasaikolojia Harry Bahrick alichapisha utafiti kuhusu watu 733 waliokuwa wakisoma au waliowahi kusoma Kihispania darasani, baadhi yao wakiwa wameacha miaka 50 nyuma. Aliona kuwa watu husahau kwa kasi katika miaka mitatu hadi sita ya mwanzo. Baada ya hapo kusahau kunasimama, na kilichonusurika hukaa karibu vilevile kwa miongo kadhaa, hata kwa mtu asiyeitumia lugha hiyo. Zaidi ya hayo, waliosoma kwa kina na kupata alama nzuri ndio waliobakiwa na sehemu kubwa. Kwangu mimi, hapo ndipo penye kiini cha mjadala wote, na nitaparudia.

Kinachobaki hasa ni kutambua. Kutunga sentensi papo kwa papo huondoka mapema. Mpe mtu wa makamo aliyesoma Kijerumani shuleni karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya boksi la dawa. Hataweza kuisoma kwa sauti bila kujikwaa. Hata hivyo ataona tarakimu, atatambua neno la chakula na neno la kukanusha, na atakumbuka kuwa katika kishazi tegemezi kitenzi hukaa mwishoni, kwa hiyo atasoma hadi nukta kabla ya kuamua. Ni kweli, simu ingemtafsiria karatasi nzima kwa sekunde chache, na mara nyingi ingepatia. Mashine inapoliacha neno la kukanusha, ni yeye atakayeshtuka. Asiyewahi kusoma lugha hiyo atameza dawa kama simu ilivyosema.

Faida ninayoithamini kuliko zote haipimwi na mtihani wowote. Mtu aliyewahi kusimamishwa darasani, mawazo yamejaa kichwani na maneno hayaji, anajua jambo ambalo haliingii kwa kuhubiriwa: anayeongea kwa kukwama hajapungukiwa akili. Anaelewa kwa nini mgonjwa mgeni hujibu "ndiyo" kwa swali ambalo hakulisikia vizuri. Basi atauliza tena kwa maneno mepesi, polepole, bila kupaza sauti. Muuguzi, karani na askari hukutana na watu wa namna hiyo kila siku, na haki ya mtu huweza kutegemea subira hiyo. Sidai kwamba kila aliyesoma lugha huwa hivyo. Wapo waliotoka darasani na aibu tu, hasa pale mwalimu alipoacha wenzao wawacheke.

Kuna hoja moja ya upande wangu ambayo naiweka kando: kwamba lugha ya pili hukinga ubongo wa uzeeni. Utafiti wa Ellen Bialystok na wenzake wa mwaka 2007 uliwakuta wagonjwa wenye lugha mbili wameanza kuonyesha dalili za kupoteza kumbukumbu kama miaka minne baada ya wenye lugha moja. Wale, hata hivyo, walikuwa wametumia lugha mbili sehemu kubwa ya maisha yao. Mwanafunzi wa vipindi vitatu kwa wiki hawezi kuahidiwa hilo.

Serikali zimeyumba kati ya pande hizi. Mwaka 2002 viongozi wa Umoja wa Ulaya, wakikutana Barcelona, walitaka watoto wafundishwe angalau lugha mbili za kigeni tangu wakiwa wadogo. Mwaka 2004 England iliondoa ulazima wa somo hilo kwa wanafunzi waliovuka miaka 14, na watahiniwa wa Kifaransa na Kijerumani wakapungua sana. Nikirudi kwa Bahrick, naona njia zote mbili zina kasoro: ya kwanza, vipindi visipoongezwa, huugawa muda mchache uliopo, na ya pili huukata kabla mizizi haijashika. Ningechagua lugha moja, isomwe miaka mitano au sita mfululizo, na mtihani uweke alama nyingi kwenye kusikiliza na kusoma, kwa kuwa hivyo ndivyo hudumu. Shule inayoweza kutoa mwaka mmoja tu ivipeleke vipindi hivyo kwenye somo jingine.